Saa Saba ya Mama

Mpaka leo, nikinusa lami iliyolowa manyunyu, harufu yake ikichanganyika na moshi wa dizeli na majani ya mikaratusi, mimi hurudi kusimama kando ya barabara ile, mkono mmoja umeshika mfuko wa daftari na mwingine umejificha kwapani kutafuta joto. Julai ya Nairobi haina huruma. Sisi tuliotoka Mombasa tuliipokea baridi yake kama adhabu ya kosa tusilolikumbuka. Tulihamia Westlands mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba alipopata ukarani katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji, tukapanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mpole aliyekuwa akitupa vipande vya majora tushonee mito. Baba aliondoka alfajiri na basi la kwanza, akarudi jua limekuchwa. Mchana kutwa nyumba ilikuwa ya mama, na mama, jamani, alikuwa na sheria zake.

Ukutani tulikuwa na saa kubwa ya mbao ya babu mzaa mama, iliyopanda treni nasi kutoka Mombasa ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Saa hiyo ilitegwa Kiswahili. Naeleza, maana vijana wa leo wataniona mzushi: mishale yake ilisema kama midomo yetu inavyosema. Jua likichomoza ilionyesha kumi na mbili, tukitoka kwenda shule ilionyesha moja, na mchana, baada ya sala ya adhuhuri, ilionyesha saba. Babu aliitega hivyo naye mama hakuona sababu ya kuiharibu. Siku huanza jua likitoka, alisema, sasa hao wanaoanza kuhesabu usiku wa manane wanahesabu nini, ndoto zao? Kiswahili chake pia hakikuwa na mzaha. Kule Nairobi watu walisema watakavyo, kitu yangu, maji iko, watoto imekuja, na mama hakuweza kulipita kosa kama vile mtu asivyoweza kumpita mtoto anayelia. Alimsahihisha muuza maziwa. Alimsahihisha hata kondakta wa basi, abiria wote wakisikia, kisha akamlipa nauli na kumshukuru.

Nilimpenda mama yangu, lakini nawaambieni ukweli, nilikuwa namwonea haya. Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na niliyetamani kufanana naye alikuwa Njeri, rafiki yangu wa dawati moja. Njeri alitokea Kangemi. Alikuwa mwepesi wa mguu na wa ulimi, na alikuwa mtoto wa kwanza Nairobi nzima kuniita kwa jina bila kulicheka. Siku moja alikuja kwetu baada ya masomo, akatazama ukutani, akauliza mbona saa yetu imekufa. Haijafa, nikamwambia. Akasikiliza, akaisikia inagonga, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kisha akaomba maji, "Maji iko wapi?" na mama kutoka jikoni akajibu kwamba maji yapo, si maji iko. Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari za saa ya kina Mwanaidi inayokwenda kinyumenyume na mama wa buibui anayesomesha watu Kiswahili kabla hajawapa maji. Njeri hakusema kwa ubaya. Lakini kuanzia siku hiyo nilihakikisha kwamba mimi ndiye niendaye kwao, si yeye kuja kwetu.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Nakuru, ile ambayo sasa huitwa Waiyaki Way. Haikuwa pana kama ilivyo leo, lakini malori yaliyoshuka kutoka upande wa Kangemi yalikuja yakinguruma, na magari madogo ya wakubwa wa Spring Valley yaliingia kwa mbio kuwahi ofisi za mjini. Hapakuwa na taa wala mistari myeupe ya kuvukia. Sisi tulivuka kwa kuhesabu: mmoja wa watoto wakubwa alisema moja, mbili, tatu, nasi tukatimka kama kuku waliorushiwa jiwe. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni Njeri alichelewa kwa hatua moja tu. Kioo cha ubavuni cha pikapu kilimpiga, akaanguka, mkono ukavunjika mahali pawili. Nakumbuka alikuwa amelala pale kwenye lami na kiatu kimoja hakipo, na badala ya kumwendea mimi nikaanza kukitafuta kiatu, nikakitafuta mtaroni huku nalia, kana kwamba nikikipata na mkono nao utapona.

Mama yake Njeri alikuwa akiuza mboga katika soko la Kangemi, na mgongoni alikuwa na kitinda mimba wa miezi minane. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bi Adhiambo, akamwambia kwamba Njeri hatavuka tena barabara ile. Atakaa nyumbani alee mtoto, naye mama mtu apate kuuza mboga zake kwa nafasi. Ni heri kuwa na msichana mzima asiyejua kusoma, alisema, kuliko kuwa na cheti cha maiti. Bi Adhiambo alimbembeleza ampe wiki tatu, mpaka mkono uanze kuunga, na yeye atatafuta njia. Hapo ndipo ulipoitwa mkutano wa wazazi. Basi elewa kilichokuwa mezani siku ile: wengine walizungumza habari za usalama wa watoto, mimi nilijua wanazungumza habari za Njeri, kama atarudi kwenye dawati langu au atakaa Kangemi na mtoto mgongoni mpaka aolewe.

Bi Adhiambo alisema njia ni moja, wazazi wapeane zamu ya kuvusha watoto, kila siku mtu mmoja, na kwamba wataanza na asubuhi, maana ndipo barabara inapokuwa mbaya zaidi. Akauliza nani yuko tayari. Waliokuwa na magari walitazama viatu vyao, kwa kuwa watoto wao walishushwa mlangoni. Waliofanya kazi za watu walisema kweli, kwamba saa hiyo wako kwenye majiko ya matajiri. Mama, ambaye alikuwa ameingia akiwa amechelewa kwa sababu ya mtungi wa maji, akakaa nyuma kabisa na sehemu kubwa ya maelezo ilikwisha mpita, akainua mkono. Mkono wenyewe ulitoka kwenye buibui kama wa mtu anayesimamisha basi. Watu waligeuka wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baada yake ndipo wengine wakapata haya, na wakatimia watano pamoja naye.

Ratiba iliandikwa na Bwana Singh, Sikh mzee aliyestaafu reli, babu wa mvulana mmoja wa darasa la kwanza. Alikuwa na kilemba cheupe daima, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata ukautamani. Aliandika ratiba kama alivyokuwa akiandika za treni, kwa mistari iliyopigwa rula, na Ijumaa nikapewa nakala nipeleke nyumbani. Mstari wa kwanza ulisema: JUMATATU, MAMA MWANAIDI, SAA 7 HADI SAA 8. Mama aliisoma amesimama, akainua macho kuitazama saa ya babu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa saba ni vizuri, alisema. Atakuwa amekwisha swali na kupika, na mchana ndipo watoto wadogo wanapotoka, ndio wa kushikwa mkono. Asubuhi bila shaka wamempa mwingine.

Mimi nilijua. Hapo ndipo penye kisa chote, na sitakipaka rangi. Shuleni tulikuwa tumekwisha fundishwa saa za Kiingereza. Nilijua kwamba saba ya Bwana Singh ni saa moja yetu ya asubuhi, na kwamba mama anatazama mshale usio wake. Neno lilinifika hadi kwenye meno. Ningeweza kujitetea kwamba mtoto hamsahihishi mzazi, na kweli kwetu mtoto hamsahihishi mzazi, lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba nilimwona katika fikira zangu amesimama katikati ya barabara na buibui lake, watoto wa shule nzima wakimtazama, akimsahihisha dereva wa lori. Nikafikiri, akija mchana hakuna atakayemwona. Nikalimeza neno. Nikakaa nalo Jumamosi, nikakaa nalo Jumapili, likaanza kuninyima usingizi, lakini sikulitoa.

Jumatatu ilinyesha mvua ile nyembamba ya Julai ambayo haionekani ila unaloa. Tulikusanyika kando ya barabara kama arubaini hivi, na amri tuliyopewa ilikuwa kali: asivuke mtu mpaka mvushaji aje. Tukasimama. Mama yake Njeri alikuja na Njeri mwenyewe, mkono ukiwa ndani ya plasta umefungwa kwa kitambaa shingoni, mama mtu amebeba mtoto mgongoni na gunia la sukuma wiki kichwani. Alikuwa amekuja kuona kwa macho yake. Tulingoja. Malori yakapita, yakaturushia maji. Kengele ya shule ikalia ng'ambo, tukaisikia vizuri kabisa, na hakuna aliyevuka, watoto wale wote wakatii kama askari. Watoto wakaanza kuulizana nani mwenye zamu, na wakubwa waliosoma ratiba wakanitazama mimi. Njeri naye alinitazama. Mama yake alingoja mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia kwa baridi, kisha akamshika Njeri mkono ulio mzima, akageuka, wakarudi Kangemi.

Mwalimu mmoja alituona kutoka langoni, akaja kutuvusha mbio mbio. Lakini si hilo lililonivunja. Kilichonivunja ni mchana. Dirisha la darasa letu lilitazama barabarani, na ilipotimu saa saba kamili, saa saba yetu, nikamwona mama. Alikuwa amevaa leso nyekundu juu ya buibui ili magari yamwone, leso yenye jina lisemalo *Mwenye macho haambiwi tazama*, na mkononi ana mwavuli ambao hakuufungua, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, mwavuli ungewazuia madereva wasimwone mtoto nyuma yake. Watoto wa chini walikwisha toka tangu saa sita na nusu. Hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuvusha. Mama alisimama akaitazama barabara kulia, akaitazama kushoto, akangoja. Alisimama saa nzima kwenye manyunyu, analinda barabara tupu, hakuegemea hata mti. Wenzangu walikuwa wanacheka na mwalimu anawagombeza, nami nikainamisha kichwa kwenye dawati, upande ambao Njeri angekuwa amekaa, nikalia.

Jumanne baada ya masomo mama aliitwa barazani kwa mwalimu mkuu. Walikuwepo Bi Adhiambo, Bwana Singh na wazazi wengine wawili, nami nikasimama nyuma ya nguzo. Walianza kwa adabu. Walisema labda Mama Mwanaidi ana kazi nyingi za nyumbani, labda baridi hii ya asubuhi ni ngumu kwa watu wa Pwani, hapana lawama, atafutwe mwingine. Mama hakuwaelewa, maana yeye alijua amefika na kukaa mpaka dakika ya mwisho. Ilipombainikia kwamba anaambiwa hakufika, rangi ya uso wake ilibadilika. Akatoa ratiba kwenye pindo la leso, akaikunjua, akaweka kidole kwenye ile saba. Mchana, alisema, saa saba, nilikuwepo. Bwana Singh akaitazama karatasi yake mwenyewe.

"Mama, mimi fanya kazi ya reli miaka thelathini," alisema. "Hakuna treni moja ilichelewa kwa kalamu yangu."

"Treni zako zilikuwa zinajua saa ya Kizungu, Bwana Singh," mama akamjibu. "Mimi sikuulizwa."

Wakaanza kubishana saa ni ya nani, na ubishi ule ungeweza kuendelea mpaka magharibi, kwa kuwa wote wawili walikuwa na haki na wote wawili walikuwa wakaidi. Bi Adhiambo akawakatiza, akauliza kwa upole tu kama nyumbani kwetu hakuna anayejua saa ya Kiingereza. Mama akasema mumewe anaijua lakini hakuiona karatasi. Hakunitaja. Sijui kama alinisahau au alinisitiri. Miguu yangu ikatoka nyuma ya nguzo kabla ya mimi kuamua.

"Mimi nilijua," nikasema.

Mama akaniuliza kwa nini sikumwambia. Ningeweza kutunga uongo, na Mungu anajua nilikuwa na uongo tele, lakini nilikwisha choka kuubeba ukweli. "Sikutaka wakuone," nikamwambia. Watu wote barazani wakatazama kando. Mama alinitazama kwanza kama ananisoma, halafu kama amekwisha kunisoma. Nilingoja kofi. Akaikunja ratiba, akaifunga tena kwenye pindo la leso.

"Haya," akasema. "Basi wataniona."

Jioni ile ile tulikwenda Kangemi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Tulimkuta mama yake Njeri anapanga mboga zilizobaki, na Njeri amekaa kwenye kreti ana mtoto mapajani. Mama alitoa salamu, akasema amekuja kuomba radhi, kosa ni lake na la nyumba yake. Mama Njeri aliendelea kupanga mboga. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka tu, haikuwa na hasira: "Watoto yetu imekungoja mpaka ikaloa." Nikamtazama mama. Nilimwona akivuta pumzi, nikaliona sahihisho likipanda kooni, wetu, wamekungoja, wakaloa, na nikamwona akilirudisha chini. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona akifanya hivyo. "Kweli," alisema, "imeningoja." Akaomba apewe siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa, avushe yeye peke yake, na mama Njeri aje aone mwenyewe. Akikosa hata asubuhi moja, Njeri asirudi na wala hawatasikia tena mlango wao ukibishwa na watu wa Pwani. Mama Njeri hakukubali wala hakukataa. Alisema ana mboga za kuuza.

Jumatano, jua halijatoka, mama alikuwa kwenye ukingo wa barabara na leso yake nyekundu. Nilikuwa naye, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, kusimama kando yake kila asubuhi mbele ya macho ya kila mtu. Bwana Singh alifika kabla ya watoto, ana kifurushi cha gazeti kilichonuka naftalini. Ndani mlikuwa na bendera zake mbili za reli, nyekundu na ya kijani, na kipenga cha shaba. Alimkabidhi mama kwa mikono miwili, akasema kwamba katika reli saa ilikuwa moja tu, kumbe barabarani ziko mbili na hakuna aliyemwambia. Mama akazipokea kwa mikono miwili. Watoto walipofika aliingia barabarani, bendera nyekundu imenyooka, akatembea mpaka katikati kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni kwake. Magari yakasimama. Sisi tukaanza kutimka kwa mazoea yetu ya kuku, akapiga kipenga, akaturudisha wote ukingoni. Mtu anayekimbia, alisema, humfundisha dereva kwamba barabara ni yake. Tukaanza upya, mwendo wa pole, wawili wawili. Mvulana mmoja akauliza mbona yeye mwenyewe hakimbii hata lori likiwa karibu. "Anayevusha hakimbii," mama akamwambia, na hiyo ikawa kanuni.

Mama Njeri alikuja Jumatano, akasimama mbali akatazama. Akaja Alhamisi. Ijumaa alikuja na Njeri. Siku hiyo lilishuka lori la mawe, dereva kijana, amechelewa, na aliposimamishwa alipiga honi mfululizo, akatoa kichwa dirishani. "Toka kwa barabara, mama! Gari hii iko na haraka!" Watoto walikuwa wamefika katikati. Mama hakugeuza hata shingo mpaka mtoto wa mwisho alipofika ng'ambo. Ndipo akamtazama, akamwambia kwa sauti ya mtu anayefundisha chuoni: "Gari hili lina haraka, mwanangu. Si gari hii iko. Nalo litangoja." Watoto wa pande zote mbili wakacheka, madereva wa nyuma wakacheka, na yule kijana mwenyewe, alipopita, alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesimama kando ya mama, kila mtu akituona. Nikatafuta ile haya yangu ndani ya kifua, sikuipata. Nilichokikuta pale ni fahari, tena fahari ya kutaka kumwambia kila mtu kwamba huyu ni wangu.

Mama Njeri alivuka na Njeri kuja tulipokuwa. Alimvuta Njeri mbele, akamweka mkononi mwa mama, akasimama kidogo kama anayekumbuka njia. "Watoto wetu," akasema polepole, akilichagua kila neno, "wamevuka." Mama alimshukuru kwa kichwa tu. Njeri akanipiga kikumbo na ule mkono wa plasta, kikaniuma wiki nzima, na Jumatatu akarudi kwenye dawati letu.

Ratiba mpya iliandikwa na mimi, mama akinisomea na Bwana Singh akikagua, nakala tano kwa mkono. Haikuwa na nambari hata moja. Ilisema: *Lori la maziwa likipita kuelekea mjini, mvushaji atoke nyumbani. Duka la vitambaa likifunguliwa mlango, awe amefika. Kengele ya pili ikilia, ahesabu waliobaki, asiondoke na mtoto mmoja yuko ng'ambo.* Bwana Singh alitaka niweke walau saa moja ndogo chini, mama akamwambia lori la maziwa halina Uzungu wala Uswahili. Walivusha kwa ratiba ile mpaka nikamaliza darasa la saba, wazazi wakibadilishana, mama akishika Jumatatu yake daima, na katika miaka yote hiyo hapana mtoto aliyeguswa pale petu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mama aliongeza yake, kwamba aliyeteleza ndiye ajuaye penye utelezi.

Sasa pale pamekuwa barabara juu ya barabara. Watoto wa siku hizi hupita wamefungiwa ndani ya mabasi ya manjano ya shule, hawajui hata harufu ya lami, na sisemi kwa kuwalaumu. Wako salama, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Kuna madaraja ya kupitia watu, ya chuma, yenye ngazi nyingi. Kila mtu ana saa kwenye simu, nazo zote zinasema namna moja. Lakini sioni mtu yeyote mwenye zamu. Nauliza wajukuu wangu, mtoto akisimama ukingoni, ni nani mwenye siku yake leo? Wananiambia, Bibi, si kuna daraja.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Westlands kupimwa macho. Ana zaidi ya miaka themanini, magoti hayataki ngazi. Njeri alikuja nasi. Alifanya kazi posta mpaka akastaafu, na bado humwita mama "mvushaji". Ilitubidi kuvuka barabara moja ya kando, ambayo haina daraja wala mistari. Magari hayakukoma. Tulisimama pale mpaka mama akaanza kutetemeka kwa baridi, na mimi, mwanamke mzima, nikajikuta nahesabu moja, mbili, tatu. Njeri akanishika kiwiko. Kisha akatangulia, akaingia barabarani kwa mwendo wa pole, akainua mkono ule ule uliovunjika mahali pawili, kiganja wazi. Magari yakasimama. Nikamshika mama, tukaingia. Lilikuja gari moja kwa kasi upande wa pili na mguu wangu ukataka kutimka, mama akauhisi, akanibana vidole.

"Polepole, Mwanaidi," akaniambia. "Waache watuone."